Kitufe cha "Komboa": watu hawachukui zawadi zao kwenye programu ya kubeti, naomba mawazo

Mchorakurasa wa Uyole

Wakuu, poleni na majukumu. Mimi nachora kurasa za programu za simu, niko Uyole hapa Mbeya. Nimepata kazi ya kampuni moja ya kubeti ambayo sitaitaja, na nimefika mahali ambapo akili yangu peke yangu haitoshi.

Mambo yako hivi. Mtu akiweka mkeka, yaani akibeti, anapata pointi 1 kwa kila shilingi 100 ya dau, ile hela anayoiwekea. Zikifika 500 anaweza kuzibadilisha, mara nyingi kwa beti ya bure ya Sh 1,000. Kampuni inalalamika kwamba watu wanazikusanya halafu hawazigusi. Nimeambiwa niutengeneze upya ukurasa wa zawadi, wiki 3 tu.

Kabla ya kuchora chochote nilikwenda kukaa na wanaoitumia. Siku 2 nilikuwa Kabwe kwenye kijiwe cha bodaboda, siku moja Mafiati kwa mafundi simu. Dereva wa kwanza kunipa nafasi ni mtu wa makamo. Ilikuwa asubuhi, na baridi yetu ya Julai mnaijua: alivua glavu kwa meno, akafungua programu. Juu pameandikwa pointi 1,240. Chini kuna kitufe cha kijani, KOMBOA. Nikamwambia, "Kaka, hebu chukua zawadi yako nikuone." Kidole gumba kikasimama juu ya kile kitufe, kikarudi, kikasimama tena. Kisha akafunga simu. "Hapana bwana. Kukomboa ni hela. Mwezi uliopita nimekomboa pikipiki, najua kukomboa kukoje."

Nikadhani ni yeye tu. Wa pili akaniuliza, "Kwani nimeziweka rehani?" Wa tatu, kijana, alikibonyeza bila woga, na hapo ndipo nikaona kinachofuata: masharti marefu kwa Kiingereza, halafu beti ya bure ya saa 24, odi (namba inayozidishwa na dau ukishinda) isipungue 1.50, na ushindi wake uzungushwe, yaani ubetiwe tena, mara 5 kabla ya kutoa. Akasoma mistari miwili, akarudi nyuma, akaendelea kuangalia matokeo.

Lakini aliyeniondolea usingizi ni fundi simu wa Mafiati, mtu mzima wa miaka kama 50. Alikuwa amefikisha pointi zaidi ya 4,000. Hakuzichukua kwa makusudi kabisa, alikuwa anazitunza kama mtu anavyotunza hisa zake za kikoba, akingoja shule zifunguliwe Januari. Usiku wa Desemba 31 zikafutwa. Onyo lilikuwepo, ila kwa maandishi madogo ya kijivu kwenye kona ambayo hata mimi mwenye kazi hii nilihangaika kuiona. Alinifungulia daftari. Kila Jumapili aliandika pointi zake kwa kalamu ya bluu, tarehe kushoto, idadi kulia. Mstari wa mwisho una sifuri, na ameipigia mstari chini mara mbili. Hakunilaumu. Alilifunga, akarudi kuchomelea simu aliyokuwa ameifungua.

Sasa ombi langu. Neno la kitufe mnaweza kunisaidia, na mpangilio wa ukurasa pia. Ila kinachonisumbua zaidi ni hiki: meneja masoko anataka zawadi ibaki beti ya bure peke yake, ya saa 24, na imrukie mtu usoni kila akifungua programu. Mimi naona pointi hizi mtu ameshazilipia kwa dau zake. Kumwambia abeti tena ndani ya saa 24 ndipo apate kilicho chake, moyo wangu unakataa. Nikiingia kikaoni na maneno ya moyo tu nitatolewa. Mwenye hoja za kunishindia kile kikao anisaidie.

Keshia wa Kihesa

Kamwene kaka. Mimi ni keshia kwenye duka la kubeti, Kihesa Iringa, huu mwaka wa 4. Hilo la "komboa" ni kweli tupu. Kwetu watu wanapitisha simu kwenye tundu la dirisha wananiambia, "Dada, nitolee pointi." Neno lao ni kutoa, kwa sababu kwenye simu zetu hela ina mambo mawili, kuweka na kutoa.

Usikimbilie "Toa zawadi" lakini. Duka letu liliwahi kubandika karatasi ukutani, "Toa zawadi yako leo". Mzee mmoja akaisoma mpaka mwisho, akaja dirishani akaniuliza kwa heshima kabisa, "Binti, hiyo zawadi natakiwa nimpe nani?" Ukiwa na pesa, kutoa ni kuchukua. Ukiwa na zawadi, kutoa ni kumpa mwingine. Neno lile lile linageuka. Nilibandua ile karatasi jioni yake.

Mimi ningeandika "Chukua", na mbele yake kiasi chenyewe. "Chukua Sh 1,000". Mtu akiona kiasi haulizi tena maana ya pointi.

Kuna jingine ambalo nyie wachoraji hamlioni kwa sababu hamkai dirishani. Jumamosi mechi za Uingereza zikiwa zinaanza, foleni inafika mlangoni, na watu wananikabidhi simu pamoja na namba ya siri. Wananitajia kwa sauti, watu wote wanasikia. Nimewakataza, hawaachi, kwa sababu ukurasa wa zawadi unadai namba ya siri mara 2 na wao wanaogopa kukosea. Kama zawadi inabaki ndani ya akaunti ya mtu, usimwulize namba ya siri. Mwulize pale hela inapotoka kwenda kwenye simu. Hilo peke yake litanipunguzia hofu ya kila Jumamosi.

Seva ya Iyunga

Mkuu, mimi ni mwandika programu, niko Iyunga. Nina mawili.

La kwanza ni mtandao. Mtu yuko kwenye basi kati ya Igawa na Chimala, anabonyeza "Chukua", mtandao unakatika, anabonyeza tena. Zawadi itoke mara moja tu. Kila ombi lipewe namba yake pale pale kwenye simu kabla halijatumwa, na seva, yaani kompyuta ya kampuni inayopokea maombi, ikiliona mara ya pili irudishe jibu lile lile la mwanzo. Na kitufe kisibaki kimya, kiandike "Tunashughulikia, usibonyeze tena". Likikamilika itumwe meseji ya kawaida. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 watu wetu wamejifunza kwamba jambo la hela limekwisha pale meseji inapoingia. Alama ya tiki kwenye skrini haimtoshi mtu, anataka kitu cha kumwonyesha mwenzake.

La pili, weka mstari unaojaa taratibu kuelekea pointi 500. Una nguvu sana. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 wa Nunes na Drèze kwenye sehemu ya kuosha magari. Wateja walipewa kadi za kugongwa muhuri. Kadi nyingine zilihitaji mihuri 8, nyingine 10 ila 2 tayari zimegongwa. Ukihesabu, kazi ni ile ile, mihuri 8. Waliopewa kadi tupu, asilimia 19 waliijaza. Waliopewa yenye mihuri 2 ya kuanzia, asilimia 34. Mtu akiona ameshaanza safari anataka kuimaliza.

Mchorakurasa wa Uyole

Dada wa Kihesa, sijui nikushukuruje. Hilo la "nimpe nani" nalichapisha nalibandika mezani kwangu.

Mkuu wa Iyunga, la mtandao nalichukua lote, na maneno ya "usibonyeze tena" naweka kama ulivyoandika. Lakini huo mstari unaojaa siuweki, na naomba unielewe kwa nini. Kwenye kuosha magari, mtu akikimbilia muhuri wa mwisho, mwisho wa siku gari lake ni safi. Kwetu hapa, aliyebakiza pointi 60 kufika 500 lazima aweke dau la Sh 6,000 azipate. Dereva yule wa Kabwe saa 3 usiku, amebakiza 60, hela ya mafuta ya kesho iko mfukoni, halafu mimi nimemchorea mstari wa kijani uliobakiza kidole kimoja kujaa. Nguvu unayoisema ndiyo inayoniogopesha. Nitaandika idadi ya pointi kwa namba, basi.

Seva ya Iyunga

Sikuwa nimelifikiria upande huo. Ondoa.

Mwana wa Rungwe

Ndaga sana kwa uzi huu. Nimeusoma wote nikiwa nyumbani, nikaona niandike, ingawa si jambo ninalopenda kulisema.

Nanunua parachichi huku Rungwe naziuza Mbeya mjini. Leo nina miezi 14 sijaweka mkeka. Kabla ya hapo niliacha mara 3 na mara 3 nikarudi, na zote 3 sikurudishwa na rafiki wala na timu. Nilirudishwa na meseji. Ya mwisho naikumbuka kama nimeisoma sasa hivi: nina beti ya bure ya Sh 2,000, inaisha leo saa 5:59 usiku.

Nilikuwa nimekaa mbele kwenye Canter, mvua inapiga, kreti zangu ziko nyuma chini ya turubai. Nikajiambia, hii si hela yangu, nikipoteza sijapoteza kitu. Mkeka ukatiki. Sh 3,400 zikaingia. Nikataka kuzitoa nizipeleke nyumbani, programu ikaniambia bado, zungusha kwanza. Nikaanza kuzungusha. Nilipofika Jumapili, Sh 60,000 ya mtaji wa parachichi ilikuwa imekwenda. Mama watoto hakuambiwa na mtu. Alijua kwa sababu kreti zilirudi tupu, na hela ya kreti haikurudi.

Kwa hiyo mchoraji, mdogo wangu, nisikilize. Yule ambaye amekaa kimya miezi 2 bila kubeti, usimtumie meseji ya zawadi. Kampuni itamwona kama mteja aliyepotea. Mimi nilikuwa sijapotea, nilikuwa nimekaa na watoto wangu. Na mtu akiomba akaunti ifungwe, mlipeni pointi zake kwa hela kwenye simu yake, siku hiyo hiyo, bila kumwuliza kama ana uhakika mara 5. Mimi pointi zangu niliziacha mle mle kwa sababu njia pekee ya kuzichukua ilikuwa kubeti.

Mhasibu Makambako

Habari zenu wote. Ndugu yangu wa Rungwe, pole, na hongera kwa hiyo miezi 14.

Mchoraji ameomba hoja za kikaoni. Mimi ni mhasibu, ngoja nikupe hesabu, kwa sababu meneja masoko ukimwambia "watu wanaumia" atakujibu "soko ndivyo lilivyo", lakini hesabu atakaa aiangalie.

Beti ya bure ya Sh 1,000 thamani yake si Sh 1,000. Mteja akishinda kwa hela yake kwenye odi ya 2.00, anapata 2,000, yaani dau lake na faida. Akishinda kwa beti ya bure, kampuni kwa kawaida inabaki na lile dau na kumpa faida tu, 1,000. Sasa odi ya 2.00 maana yake nafasi ya kushinda haizidi nusu, na kwa kweli ni pungufu kidogo kwa sababu kampuni imeweka chake humo ndani. Nusu ya 1,000 ni 500. Kwa hiyo ile zawadi iliyoandikwa 1,000 inaigharimu kampuni chini ya 500 kwa wastani. Mteja akiiweka kwenye odi ya 5.00, faida ni 4,000 na nafasi haifiki moja kwa 5, kwa hiyo gharama iko chini ya 800. Inapanda kadiri odi inavyopanda, lakini 1,000 haifiki hata siku moja. Ukiongeza kuzungusha mara 5, sehemu kubwa ya hiyo thamani inarudi ilikotoka.

Unaona nakupeleka wapi? Ingia kikaoni useme hivi: kwa pointi 500, mteja achague mwenyewe, beti ya bure ya Sh 1,000 au Sh 500 taslimu kwenye simu yake. Kabla ya kuhesabu kuzungusha, hiyo Sh 500 ni zaidi kidogo ya gharama ya beti ya bure kwenye odi ya 2.00, na ni pungufu kwenye odi kubwa kama 5.00. Kilichobadilika ni kwamba mteja ana njia ya kutoka na chake. Kama meneja atakataa hapo, basi huenda sababu yake haiko kwenye gharama peke yake. Aiseme mwenyewe mbele ya wenzake.

Kuhusu kuzungusha, mweleze kwamba hata Uingereza, ambako biashara hii ni kubwa kuliko kwetu mara nyingi, Tume ya Kamari ilitangaza mwaka 2025 kikomo cha kuzungusha bonasi kisichozidi mara 10. Waliona watu wanashindwa kuelewa wanachoahidiwa. Ya kampuni yako ni mara 5, iko chini ya hapo, sawa. Lakini swali ni lile lile: mteja anaelewa? Kijana wa Kabwe amekujibu kwa kurudi nyuma.

Na yule fundi wa Mafiati. Kwenye vitabu vyangu mimi, pointi ambayo mteja hajaichukua ni deni ninalodaiwa. Tarehe ya mwisho ikifika, deni lilipwe, lisifutwe: pointi zigeuke hela zenyewe, kwa bei ile ile ya Sh 500 kwa pointi 500, ziingie kwenye salio lake, na meseji imwambie. Hili kampuni italipinga kuliko yote, nakuonya mapema, kwa sababu pointi zinazokufa kimya kimya ni faida ambayo hakuna anayeisema kwa sauti. Lipiganie hili hata kama utalazimika kuachia zawadi ndogo ndogo kama fulana na bando.

Keshia wa Kihesa

Mhasibu, ile hesabu ya beti ya bure mimi nimeiuza dirishani miaka 4 bila kuijua. Nilikuwa nawaambia watu "una 1,000 yako hapa". Kesho naanza kuwaambia ukweli.

Mchorakurasa wa Uyole

Nimerudi. Nimechora usiku wote, nawaeleza kilivyo, mnikosoe.

Juu kabisa kuna mstari mmoja: "Una pointi 1,240." Chini yake visanduku 2 vya ukubwa mmoja, rangi moja, hakuna kinachong'aa kuliko kingine. Kushoto, "Chukua Sh 1,000 kwenye simu". Kulia, "Chukua beti ya bure ya Sh 2,000", na ndani ya sanduku hilo hilo, kwa herufi kubwa kama za kiasi, "Ukishinda unapata faida tu, dau halirudi". Masharti hayako ukurasa wa pili, wala hayako kwa Kiingereza. Pointi 240 zinazobaki zimeandikwa kwamba zinabaki. Namba ya siri inaulizwa kushoto tu, mara moja.

Tarehe ya mwisho imekaa mara tu chini ya pointi, nyeusi, saizi ile ile: "Zisipochukuliwa hadi Desemba 31, zitaingia kwenye salio lako kama pesa." Sijui kama nitaruhusiwa kuandika hivyo. Nimechora karatasi ya pili yenye neno "zitafutwa", nitaziweka zote 2 mezani, nimwombe meneja achague ile ambayo angependa kumsomea mteja uso kwa uso.

Kaka wa Rungwe, kwenye mipangilio nimeweka "Usinitumie meseji za zawadi", na kwenye kufunga akaunti hatua ya kwanza ni "Chukua pesa za pointi zako", ya pili ni "Funga". Hakuna ya tatu. Na kwenye maelezo ya kampuni nimeandika kwamba asiyecheza siku 60 asitumiwe chochote. Sikukutaja, ila niliandika sababu kama ulivyoiandika wewe, kwamba huenda yuko na watoto wake.

Kikao ni Alhamisi. Kabla yake napita tena vijiweni na karatasi nilizochapisha, bila programu, watu wabonyeze kwa kidole kwenye karatasi nione wanakwama wapi. Dada wa Kihesa, nikikutumia picha, utawaonyesha watu wako wachache dirishani, siku ambayo hakuna foleni? Ningependa kusikia wanalisomaje hilo la "dau halirudi".

Mimi naanzia Mafiati. Karatasi yangu ya kwanza sijaandika tarehe ya mwisho, nimepaacha patupu. Nataka fundi achukue ile kalamu yake ya bluu, aniandikie mahali ambapo angeiona.